Gazeti hili ni la nani? Mwenye mali, mwenye kalamu na mwenye leseni

Kwenye meza za magazeti Tabora mjini wasomaji ni wengi kuliko wanunuzi. Watu husimama mikono nyuma, wakasoma vichwa vya habari vyote mpaka vile vidogo vya pembeni, kisha mabishano yakaanza. Bishano moja haliishi: gazeti la serikali ni lipi? Mzee mmoja ataapa kuwa ni Uhuru. Kijana atamjibu, "Hapana mzee wangu, ni HabariLeo." Wa tatu atadai yote ni ya serikali, maana lisiloipendeza hufungiwa. Hawaelewani kwa sababu hawazungumzii jambo moja. Mzee anakumbuka enzi ambazo chama na serikali vilikuwa kitu kimoja, kijana anataja mwenye hisa, na yule wa tatu anamtaja mwenye leseni.

Tuanze na gazeti kongwe, lile ambalo leo linaitwa Daily News, kwa kuwa limepita karibu kila mkono unaoweza kumiliki gazeti katika nchi hii.

Lilizaliwa Dar es Salaam Januari 1930 kwa jina la Tanganyika Standard. Lilikuwa tawi la East African Standard la Nairobi, ambalo nalo lilianzia Mombasa mwaka 1902 kwa mtaji wa mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee kabla ya kuuzwa kwa Waingereza. Wasomaji wake walikuwa maofisa wa kikoloni, walowezi na wafanyabiashara. Mwaka 1954 likapata ndugu wa Jumapili, Sunday News. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni mama ilikuwa imeingia mikononi mwa Lonrho, kampuni ya London yenye migodi na mashamba sehemu nyingi za Afrika. Kwa hiyo miaka kadhaa baada ya bendera ya Uhuru kupanda, gazeti kubwa la kila siku nchini lilikuwa bado mali ya wenye hisa wa Ulaya.

Waafrika hawakukaa kimya muda wote huo. Erika Fiah alianzisha Kwetu mwaka 1937, Mashado Plantan akawa na Zuhra, na katika miaka ya 1950 likaja Mwafrika. Mkoa wa Tabora nao ulikuwa na gazeti lake lililosomwa mbali: Kiongozi, la Kanisa Katoliki, lililoanza mwaka 1950 na kuchapwa katika kiwanda cha Tanganyika Mission Press, ile TMP ya Kipalapala. Watu wengi wa hapa huijua TMP kwa vitabu vya sala na vya shule, wakasahau kwamba kuna wakati Kiswahili cha gazeti kilitoka Tabora kwenda Dar, wala hakikusubiri kuletwa na treni. Mwenye mali alikuwa Kanisa, na hilo halikufichwa kwa msomaji yeyote.

Chama cha TANU kilikuwa na jarida dogo, Sauti ya TANU, lililoanza 1957. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulikaa hapa Tabora na kupitisha ule uamuzi wa busara wa kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Habari hiyo kila mwanafunzi anaifahamu. Isiyotajwa sana ni kwamba mwaka huohuo Nyerere alishtakiwa kwa kosa la jinai la kashfa, kutokana na makala ndani ya Sauti ya TANU iliyowashutumu wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni. Alihukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6, akalipa faini. Wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, hawakupewa nafasi ya kulipa; walikwenda jela kwa uchochezi. Tutarudi kwenye sheria hizo, kwa sababu zilikaa nchini muda mrefu kuliko walioshitakiwa nazo walivyodhani.

Mwaka 1961 TANU ikaanzisha Uhuru kwa Kiswahili, na mwaka 1964 The Nationalist kwa Kiingereza. Kampuni ya chama iliyoyachapisha iliitwa Mwananchi Publishing Company. Haina uhusiano na Mwananchi linalouzwa leo, jambo ambalo limewahi kuzua ubishi mkali pale mezani.

Kisha ikaja tarehe 5 Februari 1970, miaka mitatu kamili baada ya Azimio la Arusha. Nyerere akataifisha The Standard, lile lililozaliwa kama Tanganyika Standard. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: nchi inayojenga ujamaa haiwezi kuliacha gazeti lake kubwa kuliko yote chini ya kampuni ya kibepari ya nje. Rais mwenyewe akawa Mhariri Mkuu kwa cheo. Kiti cha mhariri mtendaji akapewa Frene Ginwala, mwanaharakati wa ANC kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni. (Mwingereza aliyemwachia kiti, Brendan Grimshaw, alikuwa amekwisha kununua kisiwa kidogo cha Moyenne huko Ushelisheli, akahamia huko kupanda miti hadi alipofariki mwaka 2012. Wahariri wachache hustaafu vizuri namna hiyo.)

Nyerere aliliandikia gazeti hilo hati ya mwongozo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sera ya uhariri ya kuvutia kuliko zote zilizowahi kuandikwa nchini. Ilisema gazeti ni mali ya wananchi na litaunga mkono siasa ya ujamaa. Lakini iliongeza kuwa litakuwa huru kukosoa, kuwataja viongozi wanaoshindwa kazi, na kuingia katika mijadala, kwa sababu mjadala huru ni sehemu ya ujamaa wa kweli. Soma tena hapo. Mwenye mali anamwambia mwenye kalamu: nikosoe.

Ahadi hiyo ilipimwa mapema. Julai 1971 kulitokea jaribio la mapinduzi Sudan. Rais Jaafar Nimeiry aliporudi madarakani aliwanyonga viongozi wa Chama cha Kikomunisti, akiwemo Abdel Khaliq Mahjub. The Standard likaandika tahariri kali ya kumlaani Nimeiry. Nyerere, aliyekuwa na uhusiano wa kidiplomasia wa kuulinda, hakupendezwa, na Ginwala akaondoka kwenye kiti. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 1994, alikuwa Spika wa Bunge la kwanza la kidemokrasia la Afrika Kusini.

Watu husimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba hati ile ilikuwa maneno matupu. Mimi nakisoma tofauti kidogo. Gazeti lilikuwa limekosoa mambo ya ndani kwa muda na likavumiliwa. Lilianguka kwenye jambo la nje, ambapo kauli ya gazeti la serikali huchukuliwa na mataifa mengine kuwa kauli ya serikali yenyewe. Hapo ndipo umiliki unapobana hasa: balozi wa Sudan hawezi kuamini kwamba Rais ambaye ni Mhariri Mkuu hakuiona tahariri. Cheo kile ambacho pengine kilikusudiwa kulilinda gazeti ndicho kilichokata pumzi yake.

Tarehe 26 Aprili 1972 The Standard na The Nationalist yakaunganishwa, likatoka Daily News. Mhariri mtendaji wake akawa Benjamin Mkapa, aliyetokea The Nationalist. Mwaka 1976 aliongoza pia kuanzishwa kwa Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA, na mwaka 1995 akachaguliwa kuwa Rais wa nchi. Kampuni nayo ilibaki na jina la zamani mpaka leo: Tanzania Standard (Newspapers) Limited, au TSN. Jina la walowezi bado lipo kwenye bahasha za ofisi ya umma.

Hapa ndipo lilipo jibu la yule mzee wa Tabora. Kuanzia 1970 hadi 2006, serikali ilimiliki gazeti la kila siku la Kiingereza tu. Kwa miaka 36 mtu wa Nzega, Sikonge au Kasulu aliyetaka kujua serikali inasema nini kwa lugha anayoizungumza alisoma Uhuru, ambalo ni la chama, tena katika enzi za chama kimoja ambapo katibu wa chama na mkuu wa mkoa walikuwa mtu mmoja. TSN ilipozindua HabariLeo mwaka 2006, mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Kisheria, Uhuru ni mali ya CCM. HabariLeo, Daily News na SpotiLeo ni ya TSN, na hisa za TSN zinashikiliwa na serikali kupitia Msajili wa Hazina.

Magazeti binafsi yalianza kuchomoza mwishoni mwa miaka ya 1980, yakamiminika baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Kampuni ya Business Times ilitoa Majira. Reginald Mengi kupitia IPP akawa na The Guardian na Nipashe. Tanzania Daima lilitoka kwenye kampuni ya familia ya Freeman Mbowe, na msomaji aliyefahamu hilo hakushangaa upinzani ulipopata kurasa za kutosha mle ndani. Mwananchi lilianza mwaka 2000, na muda si mrefu hisa zake nyingi zikanunuliwa na Nation Media Group ya Nairobi, kampuni ambayo kwa miongo mingi mwenye hisa mkubwa wake amekuwa mfuko wa Aga Khan. Hisa ni mali, huuzwa na kununuliwa, kwa hiyo aliyejifunza orodha ya wamiliki miaka 10 iliyopita airudie upya.

Sasa, kumjua mwenye mali kunamsaidia nini msomaji wa Kigoma? Kunamwonyesha gazeti litanyamaza wapi. Uongo wa wazi ni nadra kuliko tunavyodhani. Gazeti linaloongopa kila siku hupoteza wanunuzi. Ukimya ndio wa kawaida. Gazeti la serikali litaripoti kwamba waziri amewahakikishia wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua malipo yao. Kauli hiyo ni ya kweli kabisa, waziri kaitoa. Ila aya inayosema walioahidiwa msimu uliopita walilipwa lini inaweza kukosekana. Gazeti binafsi linaweza kumsulubu waziri huyohuyo, kisha likapita pembeni ya kampuni ya kununua tumbaku inayolipia tangazo la ukurasa mzima.

Leseni ni habari nyingine kabisa. Wakoloni walikuwa na sheria yao ya magazeti ya 1928. Baada ya Uhuru ikarekebishwa, kisha ikaja Sheria ya Magazeti ya 1976, na sasa ipo Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, inayolitaka kila gazeti liwe na leseni kutoka Idara ya Habari, Maelezo. Chini ya sheria hizi mbili za mwisho MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalizimwa kwa nyakati tofauti, mengine kwa miaka, mpaka Februari 2022 yaliporudishiwa leseni. The Citizen lilifungiwa siku 7 mwaka 2019 kwa habari kuhusu thamani ya shilingi. Mwaka huohuo Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria ya 2016 vinapingana na Mkataba wa Jumuiya.

Mfano unaowakata maneno wale wanaosema leseni hutumika dhidi ya wapinzani pekee ni wa Agosti 2021. Uhuru, gazeti la chama tawala, lilitoa ukurasa wa mbele uliosema Rais Samia hana wazo la kugombea 2025. Hakuwa amesema hivyo. CCM ilisimamisha gazeti lake kwa siku 7 na kuwasimamisha kazi viongozi wake, kisha serikali ikasitisha leseni kwa siku 14. Mwenye mali na mwenye leseni walichukua hatua kila mmoja kwa mamlaka yake, ingawa wanakaa meza moja ya siasa. Kwenye mtandao anasimama mwenye leseni mwingine, TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Oktoba 2024 aliisitisha kwa siku 30 leseni ya maudhui ya mtandaoni ya kampuni inayotoa Mwananchi na The Citizen, huku magazeti ya karatasi yakiendelea kuchapwa.

Na zile sheria za 1958? Kashfa ilibaki kosa la jinai mpaka marekebisho ya 2023, yaliyoifanya kuwa dai la madai. Kosa lililomtoza faini Nyerere lilimzidi umri. Marekebisho hayohayo yaliondoa pia kifungu kilichompa mkurugenzi wa Maelezo kazi ya kuratibu matangazo ya serikali. Kwa mtu wa kawaida kifungu hicho kinasikika kama karatasi za ofisini. Kwa meneja wa gazeti lilikuwa suala la mishahara, maana matangazo ya zabuni, nafasi za kazi na minada ya halmashauri ni sehemu kubwa ya mapato, na anayeamua yaende wapi hahitaji kumfungia mtu yeyote.

Hapo tunamfikia mtu wa nne, anayelipa. Ujiji ilipata umaarufu duniani kwa safari iliyolipiwa na gazeti. Henry Morton Stanley aliyekutana na Livingstone pale mwaka 1871 alikuwa mwandishi wa New York Herald, ametumwa na mwenye gazeti, James Gordon Bennett, aliyetaka habari itakayouza. Stanley alipita Tabora, akakaa Kwihara, akafika Ujiji, na maneno yake ya salamu, "Dkt. Livingstone, nadhani?", yakawa maarufu kuliko safari yenyewe. Kurasa za shajara yake zinazohusu dakika ile zilichanwa, na wapo wanahistoria wanaoshuku kama aliyatamka kabisa. Mhariri mkali angemuuliza: nani mwingine alisikia?

Mwandishi wa Kigoma wa leo hana Bennett nyuma yake. Wengi wanaoandika kutoka mikoani ni wa kujitegemea: hulipwa kwa habari iliyochapwa, na isiyochapwa haina malipo. Kutoka Kigoma mjini kwenda Kakonko au Uvinza ni nauli yake. Anapoitwa kwenye semina ya shirika au ziara ya kiongozi, usafiri upo, chakula kipo, na mwisho wake ipo bahasha. Ndiyo maana ukurasa wa mikoani umejaa warsha, uzinduzi na ziara. Kabla hatujamlaumu kwa kukosa maadili ni haki kuuliza chumba cha habari kule Dar kinamlipa kiasi gani kwa aya zake 12. Klabu za waandishi za Kigoma na Tabora zimelizungumza hili miaka nenda rudi.

Umbali nao una nguvu yake. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata gazeti la Dar lilisafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni kabla ya kusomwa Mwanga au Ujiji, huko Kigoma. Likifika, redio ilishasema yote. Msomaji wa mwisho wa reli alizoea gazeti kama kitu cha kufikiria na kufungia maandazi, si cha kuwahi habari. Simu imebadilisha hilo: kurasa za mbele zinamfikia alfajiri sawa na mtu wa Kariakoo, pamoja na zile za kughushi ambazo mtu yeyote mwenye programu ya picha anaweza kuzitengeneza.

Viwango vya uhariri, basi, vinasimamiwa na nani? Waandishi na wahariri walikutana mwaka 1995 na kuunda Baraza la Habari Tanzania, MCT, kwa hiari yao, kwa hofu kwamba serikali ingewaundia la kwake. Kanuni zake ni zile ambazo mwandishi hujifunza mwaka wa kwanza chuoni: thibitisha, mpe anayetuhumiwa nafasi ya kujibu, usichanganye maoni na habari, usipokee rushwa, linda chanzo chako, ukikosea sahihisha. Sheria ya 2016 ikaja na vyombo vyake vya kisheria, Baraza Huru la Habari na Bodi ya Ithibati inayotoa vitambulisho kwa wenye sifa za kielimu. Kuna tofauti kubwa kati ya baraza linalosema "umekosea, omba radhi" na bodi inayoweza kukunyang'anya kitambulisho. Wenye kuzichanganya hufikiri maadili ni kazi ya polisi.

Chukua jambo moja tupime. Mei 2024 serikali ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Habari iliyokamilika ingekuwa na tangazo la wizara, lakini pia ingemtafuta mvuvi wa Kibirizi mwenye mkopo wa mashine, mama anayeanika dagaa, na mtafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Kigoma aeleze idadi ya samaki imepunguaje. Ingeuliza nchi nyingine zinazochangia ziwa zinafanya nini, kwa kuwa samaki hajui mpaka wa Kongo na Burundi. Habari yenye sauti ya wizara peke yake si ya uongo. Ni nusu. Na yenye kilio cha wavuvi peke yake, bila takwimu hata moja ya mtafiti, nayo ni nusu, hata kama inatupendeza zaidi sisi wa huku.

Msomaji ana njia zake za kukagua bila kuwa mwandishi. Tahariri haina jina la mtu kwa sababu ni msimamo wa gazeti lenyewe, hivyo ukitaka kujua mwenye mali anaelekea wapi, anza hapo. "Mwandishi Wetu" wakati mwingine humlinda mtu aliye hatarini, wakati mwingine huficha taarifa kwa vyombo vya habari iliyonakiliwa neno kwa neno. Kichwa cha habari kikisema "yabainika", tafuta ndani nani alibaini. "Inadaiwa" ikijirudia mara nne bila mdai kutajwa, hapo hakuna habari. Makala ya kurasa mbili inayosifu mradi, yenye picha za rangi na maandishi madogo kwamba ni toleo maalumu, imelipiwa.

Na aliyeandikwa vibaya anayo haki. Aanze kwa barua kwa mhariri, aeleze kosa liko aya gani na ukweli ni upi. Asiposikilizwa, apeleke malalamiko MCT, ambako shauri huweza kusuluhishwa bila kufungua kesi. Adai pia mahali pa masahihisho. Jina la mwalimu wa Igunga lililochafuliwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene na picha, halisafishwi na mistari mitatu iliyobanwa ukurasa wa 22 chini ya tangazo la mnada wa magari chakavu.